Mwanga wa Ubavuni

Alipokufa yule mwanamume, watu walikuja kuniarifu kwa heshima, kwa sababu wazee wa Kamina wa umri wangu wanakumbuka kwamba nusura awe shemeji yangu. Niliwashukuru, nikawapa viti, nikaendelea kuchambua maharagwe. Matangani sikwenda. Jirani yangu mmoja, mama wa kanisani, alinilaumu kwa upole. Alisema mtu akishazikwa, maneno yake nayo yamezikwa. Nilimwambia aende kuniombea, kwa maana mimi mwenyewe hayo maombi sikuyaweza.

Nitaeleza alichofanya, na nilichomfanyia. Sielezi ili nisamehewe. Sijawahi kuomba msamaha kwa jambo hili na siombi sasa.

Ilikuwa katika miaka ya hamsini, Wabelgiji bado wakitawala. Tulikaa kambi ya reli, katika nyumba za matofali zilizopangwa mstari, kila moja ikiwa na kiwanja kidogo nyuma cha kupikia. Baba alikuwa mchochea moto wa injini. Alitoka upande wa Kasai, mama alikuwa Muluba wa huku, kwa hiyo nyumbani lugha iliyotukutanisha wote ilikuwa Kiswahili. Tulizaliwa wengi, lakini wasichana tulikuwa wawili, mimi na yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa.

Yaya alikuwa mwimbaji. Kwaya ya kanisa ilimtegemea yeye kwa sauti ya pili, na mwalimu wa kwaya, asipomwona Jumapili, alikuwa akipunguza nyimbo. Utotoni ndui ilimpitia. Ilimwachia vialama kwenye shavu la kushoto na kidogo kwenye paji la uso, alama nyepesi ambazo sisi wa nyumbani tulizisahau kabisa. Ungeweza kukaa naye mkekani asubuhi nzima mkichambua majani ya lengalenga kwa ajili ya mboga, usizione. Alikuwa mrefu, mpole, na akicheka alifunika mdomo kwa kiganja. Nakumbuka mkono ule kuliko ninavyokumbuka uso wake wa siku zile.

Mimi nilimaliza shule ya misheni, nikachukuliwa kufanya kazi katika chapa yao. Palikuwa na chumba kikubwa chenye mashine mbili za kuchapia, na pembeni chumba cha karatasi, ambacho ndicho kilikuwa changu. Tulichapa vitabu vya nyimbo na vitabu vya kujifunzia kusoma. Aliyetusimamia alikuwa mmisionari mwanamke asiyeolewa, ambaye sote tulimwita Mademwazeli. Hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alipenda kazi safi, na yeye ndiye aliyenifundisha kukagua karatasi.

Karatasi zilitufikia kwa gari la moshi kutoka mbali, na njiani zilipatwa na kila aina ya balaa. Nyingine zilikuwa na manyoya, yaani nyuzi ndogo zilizosimama juu yake. Nyuzi zile hung'oka ndani ya mashine, hunata kwenye wino, na herufi yenye tundu inageuka kuwa doa jeusi. Nyingine zilinyonya unyevu ndani ya behewa, zikajikunja kama bati la paa. Nyingine zilikuwa na vipele. Ukizishika mkononi dirishani, zote zinaonekana nyeupe na nzuri. Mademwazeli alinionyesha namna ya kufanya. Unafunga madirisha yote, unatandika kitambaa cheusi mezani, unalaza karatasi juu yake, halafu unaweka taa ya karabai chini kabisa, usawa wa meza, upande mmoja. Wewe unainama upande wa pili na kutazama. Mwanga unapita juu ya karatasi kwa kuiparuza, na kila kilichoinuka kinatupa kivuli. Unywele mmoja unakuwa kama gogo. Karatasi uliyoidhani laini inageuka shamba lililolimwa kwa jembe.

Muuzaji wa karatasi hakuamini malalamiko yetu. Aliandika kwamba karatasi zake zilitoka kwake zikiwa safi na kwamba sisi ndio tuliozichafua. Basi Mademwazeli akaamua zipigwe picha, chini ya mwanga uleule wa ubavuni, ili mtu aone kwa macho yake. Misheni ilikuwa na kamera ya miguu mitatu, na aliyejua kuitumia alikuwa kijana mmoja, mwalimu wa shule yetu, ambaye mchana akimaliza kufundisha alikuja chapani kusaidia. Ndiye huyo.

Sitasema alikuwa mbaya wa sura au wa tabia. Alikuwa mtu wa kupendeza. Alivaa kaptula nyeupe zilizopigwa pasi hadi mkunjo wake ukasimama, alizungumza Kifaransa bila kutafuta maneno, na aliponifundisha kazi alifundisha vizuri. Mimi nilishika taa, yeye aliweka kamera. Alinieleza kwa nini taa ikiinuliwa vivuli vinafupika na karatasi inaonekana njema, na ikishushwa vinarefuka. Wakati mwingine aliniambia niishushe zaidi, hata karatasi ambayo si mbaya sana ikaonekana kama ina ukurutu. Alicheka. Alisema muuzaji yule atalia akiiona. Nami nilicheka naye.

Kupitia kwangu ndipo akaja nyumbani, na kupitia nyumbani akamwona yaya. Alimtaka. Wajomba zake walitoka Malemba-Nkulu wakaja kuongea na baba, wakala, wakanywa, wakakubaliana. Mchungaji alitangaza uchumba kanisani. Mama alianza kukusanya sufuria. Nilianza kumwita shemeji, naye akaniitikia kwa furaha, na watu wa chapani wakazoea.

Halafu akamwona binti wa karani mkuu wa stesheni. Binti huyu alivaa viatu siku zote, hata kwenda bombani, na baba yake alikaa katika nyumba yenye baraza la saruji. Sijui walianzia wapi. Najua tu kwamba kwa sheria ya kanisa letu, mwalimu aliyemtangaza mchumba na kumwacha bila sababu aliondolewa ualimu. Alihitaji sababu, na sababu hakuwa nayo, maana yaya hakuwa amemkosea kwa lolote. Basi akaitengeneza.

Jumamosi moja, nikiwa nimekwenda na mama sokoni, alimwita yaya chapani ili ampige picha ya uchumba. Yaya alivaa blauzi yake ya kola. Mwalimu alimkalisha kwenye kiti mbele ya meza yangu, akafunga madirisha, akawasha karabai. Yaya alinisimulia baadaye kwamba alishangaa taa ilivyokuwa karibu, joto lake likamchoma sikio, na kwamba aliambiwa asicheke, ageuze shavu, asipumue. Alirudi nyumbani amefurahi. Alisema picha itapelekwa kwa wakwe.

Ilipelekwa kweli. Baada ya muda wajomba walewale walirudi, safari hii bila kuku wala nguo mpya, na hawakukubali kula. Mjomba mkubwa, mzee mwenye ndevu nyeupe, aliweka picha mezani mbele ya baba. Aliongea kwa huzuni, na ninaamini huzuni yake ilikuwa ya kweli, kwa sababu na yeye alidanganywa.

Alisema, "Siye hatumukatale mutoto. Tunakatala maladi."

Baba hakuelewa ni ugonjwa gani. Alinyanyua picha, akaiangalia, akaiweka chini kama imemchoma. Nilikuwa nimesimama nyuma yake na beseni la maji ya kunawia, nikaona. Nilimwona yaya yangu ana uso uliovimba mabonge na mashimo, kila kialama cha ndui kimetupa kivuli cheusi, ngozi ya shavu imeinuka kama maganda ya mti. Ulikuwa uso wa mtu mwenye ukoma. Siku zile hakuna aliyehitaji kulitamka neno hilo mara mbili. Wenye ukoma walichukuliwa, wakapelekwa kijiji chao, na nyumba zao zilijulikana.

Nami nilijua papo hapo. Kivuli cha pua kilifunika nusu ya uso mpaka sikioni, na kivuli cha namna hiyo hutokea taa ikiwa chini kabisa na ubavuni. Nyuma ya bega lake palikuwa na kitambaa cheusi, na kwenye pembe ya kitambaa palikuwa na kiraka ambacho nilikishona kwa mkono wangu. Alikuwa amemkagua dada yangu kama karatasi mbovu.

Nilisema hapohapo, mbele ya wageni, jambo ambalo msichana hakuruhusiwa. Nilisema ni taa. Mzee mwenye ndevu alinitazama kwa huruma, na baba akaniambia nitoke.

Baba alikwenda kwa mchungaji. Nilikwenda naye, nikaeleza habari ya karatasi na vivuli vizuri kadiri nilivyoweza. Mchungaji alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mwovu. Alikuwa mtu aliyeogopa, kanisa limejaa watoto, na picha iko mkononi mwake.

Alisema, "Binti yangu, mashine haina ndugu wala adui. Haiwezi kusema uongo."

Akaagiza yaya apelekwe dispensari ya reli akapimwe. Wenye kungoja matibabu walikaa nje kwenye benchi refu, kando ya njia inayokwenda sokoni, kila mpita njia akiwaona. Yaya alikaa pale asubuhi nzima. Waliokuwa wamekaa karibu naye walisogea, wakasogea tena, mpaka akabaki peke yake mwisho wa benchi. Ndani, muuguzi alimfunga macho, akamgusa kwa pamba na kumchoma kwa sindano huku na huku, akimuuliza anasikia wapi. Alisikia kote. Daktari Mbelgiji alimtazama, akauliza nani amemleta mtu mzima wa afya, akamfukuza arudi nyumbani.

Jumapili iliyofuata mchungaji, kwa nia njema, alitangaza kanisani kwamba binti wa fulani amepimwa na hana ukoma. Wale ambao walikuwa hawajasikia wakasikia siku ile. Tangu hapo yaya alipokaa kwenye benchi la kwaya, pengo lilibaki kulia kwake na kushoto kwake. Bombani wanawake walimwachia nafasi achote kwanza, si kwa heshima. Mtoto wa jirani, ambaye yaya alimbeba mgongoni tangu kuzaliwa, aliitwa na mama yake kwa sauti kali alipomkimbilia. Yaya aliacha kwaya. Alianza kujifunika kitambaa hadi shavuni, hata ndani ya nyumba, hata wakati wa joto la Oktoba kabla ya mvua. Sikumwona tena akicheka, kwa hiyo sikuuona tena ule mkono wake ukipanda mdomoni.

Na yule mwanamume? Kanisa lilimhurumia. Alisema mbele ya watu kwamba amehuzunika sana, ila asingeweza kuwavunjia wajomba zake neno. Aliendelea kufundisha. Aliendelea kuja chapani mchana. Aliingia siku ya kwanza, akasimama mlangoni, akaniuliza kama nina kinyongo.

Nilimwambia hapana, mwalimu. Sikumwita tena shemeji.

Hapo ndipo nilipoanza. Baba alinitaka niache kazi, nami nikakataa. Nilikuwa na haja na chumba kile. Kwa miezi mingi nilimshikia taa mtu aliyemwua dada yangu akiwa hai, nikamwitikia, nikamfutia vioo vya kamera. Nilimwomba anifundishe kuweka kamera, akanifundisha. Nilimwomba anifundishe kusafisha picha katika kichumba cha giza, akanifundisha na hilo, kwa sababu kila kijana mwenye majivuno hupenda mwanafunzi mwenye adabu. Nilijifunza kwamba hata karatasi za picha zina tabia zake. Kuna laini isiyong'aa, inayofuta makunyanzi na kumfanya kila mtu awe kijana. Kuna ngumu inayong'aa, ambayo cheusi ni cheusi na cheupe ni cheupe, na haimfichii mtu kitu. Nilizikagua zote moja moja chini ya taa, na pakiti moja ya ile ngumu, iliyonyooka bila doa, nikaiweka pembeni. Kila nilipofungua kabati niliiona, na moyo wangu ulitulia.

Mademwazeli alifurahi na maendeleo yangu. Mwalimu alipopewa darasa kubwa na kukosa nafasi ya kuja tena, kamera ikawa yangu.

Haukupita muda, uchumba wake na binti wa karani ukatangazwa. Yaya alikuwa kanisani. Alisikiliza, akainamisha kichwa kwa sala pamoja na wengine. Tukirudi nyumbani aliongea habari ya mahindi ya mama. Mimi nilikuwa nasaga meno hata taya likaniuma.

Ndugu wa karani walikuwa wametawanyika kwenye stesheni za njia nzima, na mama wa binti alitaka kuwatumia picha ya mkwe. Mademwazeli akasema chapa itampa mwalimu picha kama zawadi ya arusi, na kwamba mimi nitaipiga. Nilijibu kwamba nitafurahi. Sikusema uongo.

Nilichagua siku. Wakati wa kiangazi hewa yetu hujaa moshi wa nyasi zinazochomwa, na jua hupita humo kama kwenye chandarua, laini, bila vivuli. Nikasingizia dawa za kusafishia picha zimekwisha, nikangoja. Mvua za kwanza zilinyesha, zikaosha hewa. Jioni moja kabla ya jua kushuka, kila jani lilikuwa na kivuli chake kikali ukutani. Nikampelekea habari kwamba aje.

Alikuja na suti mpya, na alikuwa amenyoa ndevu alasiri ileile. Nywele za ndevu zake zilikuwa za kujikunja, za kurudi ndani ya ngozi, na wembe ulimwachia vipele shingoni na tayani. Yeye mwenyewe alichagua pa kusimama. Alitaka jua limpige mbele ya uso, akanipa maelekezo kama zamani, nami nikafuata yote. Picha ile ikatoka nzuri. Halafu nikamwambia nitapiga nyingine ya akiba, kioo cha picha ya kwanza kisije kikawa na mkwaruzo, na kwamba wakubwa wa serikali hupigwa wakiwa wamegeuza bega na kuinua kidevu. Alipenda habari ya wakubwa wa serikali. Aligeuka. Jua lilikuwa limeshuka usawa wa ua, likampitia shavu kwa ubavuni. Alikuwa akitazama kamera na kufikiria kidevu chake, na kwa mara moja maishani hakufikiria mwanga unatoka wapi.

Nilimwambia asicheke na asipumue.

Nilipoisafisha kwenye ile karatasi ngumu, uso ulipanda polepole ndani ya maji ya dawa, na nilikaa nikiutazama hadi nusura nisahau kuutoa kwa wakati. Taya zima lilikuwa mabonge. Shavuni palikuwa na mashimo ambayo hata mimi sikuwahi kujua anayo. Nikaikausha, nikaibonyeza chini ya vitabu ili isijikunje, nikaikagua chini ya karabai kama kazi yoyote nyingine. Haikuwa na kasoro.

Mama wa binti alikuja mwenyewe kuchagua. Alikuwa mwanamke mzito, wa kitenge kizuri, mwenye sauti ya kuamuru. Nilimwekea kwanza ile nzuri. Alifurahi, akaisifu. Kisha nikaweka ya pili kando yake.

Aliinama. Akainyanyua, akaisogeza machoni.

"Ni nini hii ku uso yake?" akauliza.

Nilimjibu kwamba sijui, mimi si daktari. Akaniuliza kama kamera imeharibika. Nikamwambia, "Mama, siku ile ya yaya yangu, muchungaji alisema mashine haiwezi kusema uongo."

Alinitazama usoni. Sijui kama alielewa. Alichukua zote mbili, akaisukuma ile ya pili ndani ya kitenge, akaondoka bila kuaga.

Karani alikuwa mtu wa utaratibu. Hakupiga kelele, hakutukana. Alimwambia mkwe wake mtarajiwa kwamba kabla ya arusi ni vema wote wawili wapimwe, na akampeleka mwenyewe dispensari. Habari ilifika kambini kabla hawajafika wao. Nilivua aproni, nikamwomba Mademwazeli ruhusa ya kwenda kununua karanga, na nikasimama upande wa pili wa njia mbele ya mama mmoja muuza karanga, nikila moja moja. Alikuwa amekaa kwenye lile benchi refu, katika suti. Waliokuwa karibu naye walisogea. Nilitazama wakisogea tena. Aliinua macho akaniona, akatazama mkono wangu wenye karanga, kisha uso wangu, na nikaona jinsi alivyoelewa, kidogo kidogo, kama picha inavyopanda katika dawa. Sikuondoka. Nilikaa hadi alipoitwa ndani kuchomwa sindano.

Siku ya pili alikuja chapani. Alifunga mlango wa chumba cha karatasi nyuma yake.

"Weye njo ulifanya," akasema.

"Njo minyi," nikakiri.

Akasema atamwambia Mademwazeli, nitafukuzwa, na baba yangu ataaibika. Nilikuwa nahesabu karatasi, sikuacha. Nikamwambia, "Enda umwambie. Na ile picha ya yaya yangu ulete, aangalie zote mbili."

Alisimama pale. Nilidhani atanipiga, na nilitamani anipige, ili watu wasikie. Aliniuliza kwa sauti ndogo nilitaka nini kwake. Nikamwambia nilitaka aondoke kwenye mwanga, ananizibia kazi.

Daktari hakumwona na ugonjwa wowote. Mchungaji alitaka kulitangaza hilo kanisani, naye akamwomba kwa machozi asitangaze. Haikusaidia. Mama wa binti alikuwa amekwisha kuamua, na mwanamke yule akishaamua hata karani alinyamaza. Binti aliolewa na mwingine, kijana wa ofisi, na arusi ilikuwa kubwa. Wanafunzi wa yule mwalimu walianza kujificha akiwapa mkono. Wazazi wawili watatu waliwahamisha watoto. Mwishowe aliomba apelekwe shule nyingine, akaenda Malemba-Nkulu, kwa wajomba zake.

Nilimwambia yaya siku ileile ya dispensari. Nilidhani atanigombeza, maana alikuwa mcha Mungu kuliko mimi. Aliniuliza kama nimebaki na picha. Nilikuwa nimejiwekea moja. Aliipeleka mlangoni penye mwanga, akaondoa kitambaa shavuni ili aone vizuri, akaitazama kama mtu anayesoma barua ndefu.

"Ulimupiga muzuri," akasema, akanirudishia.

Mwaka uliofuata alipata kazi ya kusaidia wazazishaji, yaani wakunga. Wanawake waliokuwa wakimkimbia bombani sasa walimlilia awashike mkono, na mtoto akitoka, mikono ya yaya ndiyo ya kwanza kumpokea. Kitambaa alikiacha siku moja tu, bila tangazo, kwa sababu kilimsumbua kazini. Kwayani hakurudi. Mwalimu wa kwaya alikuja nyumbani kumwomba, akamkaribisha chai, akakataa.

Kisha yule mzee mwenye ndevu nyeupe alirudi. Alitoka Malemba-Nkulu peke yake, safari ndefu kwa umri wake, na safari hii alileta kuku. Alisema mpwa wake hajaoa, hakuna nyumba inayomkubali, na kwamba amekiri kwa wajomba habari ya taa. Aliuliza kama mlango bado uko wazi. Baba alikasirika, akainuka kumfukuza. Yaya akamzuia. Alimpikia mzee bukari, ugali wetu wa huku, na samaki, akapiga goti akimpa maji ya kunawa, akangoja amalize kula.

Akamwambia kama anavyoambiwa baba, "Nimesikia, tata."

Basi. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Mzee aliondoka na furaha. Mwaka mwingine akarudi kuuliza, akala tena vizuri, akapewa maneno yaleyale. Baba hakuelewa, mama alisema yaya anafikiri. Mimi nilielewa, na nilimwogopa kidogo. Nilikuwa nimemfanya yule mtu aaibike asubuhi moja. Yaya alimkalisha na matumaini mpaka mvi zikaanza kumtokea, bila kunyanyua sauti, na hakutoa neno hata moja ambalo mtu angeweza kumlaumu kwalo. Mzee alipokuja mara ya mwisho, mama ndiye aliyempokea, na ilibidi amwambie kwamba yaya ameolewa na fundi wa mabehewa, wanakaa Bukama, na ana mimba.

Nilimwona yaya pamoja na yule mwalimu mara moja tu baada ya hapo. Yaya alikuwa amekuja kutusalimia na mtoto wake wa kwanza, nami nilimsindikiza stesheni. Yule mwanamume alishuka kutoka behewa la nyuma, amekonda, amebeba sanduku la vitabu. Hakuweza kutukwepa, njia ilikuwa moja. Alivua kofia. Alimsalimia yaya, akauliza habari za mtoto. Yaya alimjibu vizuri, kama unavyomjibu mtu usiyemjua aliyekuuliza saa ya gari. Akamwambia mtoto anaendelea vema. Kisha akageuka kuniuliza kama nimekumbuka chupa ya maji.

Mwanamume alivaa kofia yake akaenda.

Yaya alipanda, akakaa dirishani, akaanza kumfungua mtoto nguo kwa sababu ya joto. Nilimwuliza kwa nini hakumwambia kitu, hata neno moja, wakati alikuwa naye hapo mbele ya watu wote. Alisema hakuwa na neno. Gari likaondoka. Mimi nilikuwa nayo mengi, na nilibaki nayo pale jukwaani, nikimtafuta yule mwanamume kwa macho kati ya watu waliokuwa wanatoka na mizigo yao, lakini alikuwa ameshapita mlango wa stesheni.